Nani Aseme Inatosha

Pale hospitalini kwetu Mbeya hakuna aliyemwita kwa jina. Tulimwita Daktari wa Usingizi, maana ndiye aliyewalaza watu kabla ya kupasuliwa, na ndiye aliyesimamia ICU miaka yote niliyofanya kazi chini yake kama nesi. Wageni walidhani ni utani, kwamba labda huyo daktari anasinzia kazini. Wala. Alikuwa mkali, mbishi, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau kwamba amekasirika, na mpaka leo nikisikia mtu anakohoa koridoni huwa nafikiri ni yeye anakuja.

Nimemkumbuka kwa sababu ya mama yangu, na afadhali niseme mapema msije mkajiuliza. Mama anaumwa mapafu. Ameuza chakula kando ya barabara kuu pale Chimala tangu mimi sijaanza shule, anapikia kuni, na moshi wote ule ulikuwa unaingia mahali. Mwaka huu tuliambiwa wazi: akizidiwa tena, kuna njia mbili. Apelekwe Mbeya awekewe mpira kooni na mashine ya kupumulia, na huenda asiachane nayo tena; au abaki nyumbani na mtungi wake wa oksijeni, apewe dawa za kumtuliza, aondoke akiwa kitandani kwake. Kaka yangu, mwenye mashine ya kukoboa mpunga Rujewa, akasema mama apelekwe, kila kitu kifanyike, basi. Mimi nikasema abaki. Tukawa tunapeana salamu kupitia watu wengine. Ndugu wakanigeukia: wewe ndiye nesi, wewe ndiye unayejua, sema wewe. Ee Mungu wangu! Kwa watu baki nimekuwa nikisaidia neno hilo, la kwamba inatosha, lisemwe tangu nikiwa binti. Kwa mama yangu nilishindwa hata kulianza.

Basi, huyo mzee.

Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe aliyeoa Uheheni, na tulimtania kwa hilo mpaka anastaafu. Mfukoni mwa koti jeupe alibeba ndizi mbivu badala ya kalamu. Kalamu alikuwa anakwapua zetu. Mwezi wa sita, Mbeya inapokuwa haishikiki kwa baridi, alivaa sweta mbili ndani ya koti na kutembea amevimba. Kabla ya kumpima mgonjwa alikipasha moto kwanza kile kipimo cha kifuani kwa viganja vyake, hata kama mgonjwa hajitambui kabisa. Mgonjwa mzee akiwa amelala na mpira mdomoni, macho yamefumba, yeye alimwinamia na kumwamkia, "Shikamoo baba," kisha akangoja kidogo kabla ya kumgusa. Wanafunzi wa udaktari walikuwa wanakonyezana. Siku moja mmoja wao, akitoa taarifa, alisema "kile kitanda cha dirishani kimebadilika." Daktari alimtoa nje, akamwambia akirudi awe anajua wajukuu wa yule mama aliyelala hapo wanamwitaje. Kijana alienda kuuliza kweli. Yule mama aliitwa Bibi Karanga, na tangu hapo wodi nzima ilimwita hivyo.

Kulikuwa na maneno ambayo hukuruhusiwa kuyasema mbele yake. Ukisema "kumchomoa mashine" alikuwa anakujia juu: kinachochomolewa ni pasi. Yeye alisema "tuache kumsumbua." Ukisema "hakuna la kufanya," hapo ndipo ulipojitafutia balaa. Alikushika mkono mpaka kitandani na kuanza kukuuliza kama mtoto wa darasa la kwanza. Midomo imekauka, umeilowanisha? Mgongo umegeuzwa? Dawa ya maumivu imeingia? Mkewe yuko wapi, mbona amesimama nje? Ukitoka hapo una kazi ya kutwa nzima kwa mgonjwa ambaye ulishasema hana la kufanyiwa. Nilichukia sana tabia hiyo. Sasa nawafanyia wenzangu vilevile, na najua wananisema.

Kikubwa alichojulikana nacho ni namna alivyoongea na ndugu. Huku kwetu mtu akiwa mahututi ukoo wote unakuja, na anayeongea ni mkubwa. Baba mkubwa anafika na vumbi la safari, hajui mgonjwa ameugua lini, anakaa katikati ya benchi na kutoa amri. Daktari wa Usingizi aliwasalimia wote kwa heshima, kisha akauliza, nani amekuwa akimuuguza? Macho yote yanageuka. Mara nyingi alikuwa mkwe wa kike, amejikunja mwisho wa benchi na khanga begani, ambaye hakutegemea hata kusemeshwa. Daktari alimwomba huyo aseme kwanza, kabla ya baba wakubwa. Aeleze mgonjwa alikuwa anasemaje aliposhikwa na maumivu. Alikuwa anataka nini. Alikuwa anaogopa nini.

Ilileta ugomvi, msidhani ni mchezo. Mzee mmoja kutoka Kyela aliinuka akaondoka, amekasirika kwamba wake wa watoto wake wanapewa neno kabla yake. Daktari alimfuata mpaka getini, akamwomba radhi kwa Kinyakyusa, akamrudisha ameshika mkono wake. Tukadhani sasa mzee ataanza. Wapi! Alimkalisha vizuri, akamgeukia yule yule mkwe, akamwambia endelea, mama.

Akishawasikia wote, na kama kweli mwili ulikuwa umefika mwisho, alikuwa na maneno yake ambayo sikuwahi kumsikia akiyabadilisha. "Nimewasikia. Sasa neno ni langu. Mimi daktari nimeona inatosha. Mkiulizwa nyumbani, semeni daktari amesema." Mwanzoni niliona ni majivuno. Baadaye nikaelewa. Huku kwetu aliyetamka "inatosha" hamalizi msiba kwa amani. Siku ya tatu tu mtu ameshanong'ona kwamba fulani alikuwa na haraka gani, alikuwa anataka shamba nini, au alikuwa anajua kitu. Nyumba zinagawanyika. Kwa hiyo alilichukua neno lile yeye, akawaacha warudi kwao wakiwa ndugu.

Hakulibeba bure. Tulikuwa naye sokoni Mwanjelwa, anachagua viazi, mwanaume mmoja akamnyooshea kidole mbele za watu: huyu ndiye aliyemmaliza mama yangu. Daktari akasema, "Pole sana, ndugu yangu," akarudi kwenye viazi vyake. Lakini hakuvinunua. Tulipofika kwenye gari aliniambia, "Afadhali anichukie mimi kuliko amchukie dada yake."

Msione kama alikuwa mtu wa huzuni muda wote. Kuna mzee mmoja wa ng'ombe, familia yake ilihamia bonde la Usangu kutoka Usukumani. Watoto wake walikubali kwamba inatosha, ila wakakataa katakata baba yao afie ndani ya kuta. Alitakiwa awe kwake, karibu na mifugo yake. Wakubwa wa hospitali hawakulipenda hilo. Daktari akapanda gari la wagonjwa mwenyewe na mimi, tukawa tunapokezana kubonyeza ule mfuko wa kupumulia kwa mkono, kutoka Mbeya mpaka tambarare, vumbi linaingia kila tundu, vidole vinauma mpaka nikalia. Tulipofika, vijana walikuwa wameshawasogeza ng'ombe mpaka karibu na mlango, kengele zinalia. Daktari alimwambia mzee kwa sauti, "Baba, umefika nyumbani," akautoa mpira taratibu, akamfuta mdomo, akarudi nyuma. Mzee alipumua mwenyewe, polepole, wanawe wamemshika mikono na miguu. Alikata roho ng'ombe wakiwa bado wamesimama pale. Kisha wakatuletea maziwa, kibuyu kizima, na kukataa ilikuwa haiwezekani. Tumbo la Daktari halikuwa na urafiki na maziwa. Alikunywa yote, akashukuru, na wakati wa kurudi Mbeya tulisimamisha gari kila penye kichaka. Dereva alicheka mpaka akapaliwa.

Lakini alikuwa na jambo moja lililomkaa. Kijana mchimbaji aliletwa kutoka Chunya, duara, shimo la kuchimbia dhahabu, limemwangukia. Alikaa kwenye mashine muda mrefu, hageuki, hajibu. Sisi sote tulishamkatia tamaa. Baba yake akaja na mkeka kabisa wa kumrudishia. Daktari alikaa nao kwenye benchi, akawasikiliza, akafika pale pa kusema neno lake, akasita, akasema ngoja nikamwone tena. Aliingia, akamwinamia kumwita, na yule kijana akafungua macho na kumfuata nayo. Leo anatengeneza pikipiki Makongolosi, anachechemea kidogo tu, ana mke.

Nyie mngefikiri Daktari angejisifia. Yule kijana alikuja kila Krismasi na jogoo wa kumshukuru, na Daktari alikuwa anajificha. Kweli kabisa, mtu mzima anatoka kwa mlango wa nyuma wa chumba cha upasuaji, ananiachia mimi jogoo. Nilimgombeza. Akanijibu, "Nikimwona huyo, nawaona na wale wengine niliosema imetosha. Nitajuaje hapakuwa na mmoja kama yeye?" Nilichokiona ni kwamba tangu hapo hakusema neno lile siku hiyohiyo. Alingoja, akamwomba daktari mwingine ampime mgonjwa bila kumwambia yeye anaonaje, kisha ndipo akakaa kwenye benchi.

Halafu ikaja zamu yake. Mkewe alipata kiharusi kibaya, akalala kwenye kitanda kilekile cha Bibi Karanga. Na yule mtu aliyetufundisha kuacha kusumbua alisumbua kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Aliongeza dawa, akapunguza, akaongeza. Alituzuia kumgeuza mkewe bila yeye kuwepo. Daktari mwenzake alipojaribu kumsogelea na kuanza, "Kaka, unajua kwamba...", alimfokea mbele ya ndugu wa wagonjwa. Benchi lilikuwa pale nje, tupu. Hakuna aliyethubutu kumkalisha. Mimi nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote pamoja, maana yule mama alikuwa anaharibika mgongo tunamwona.

Aliyeliweza jambo lile ni mama mkwe wake. Kwa Wahehe wale, wa kizazi kile, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja; hata kupishana njiani mtu anageukia kando. Bibi yule alikuwa amekaa nje tangu mwanzo, akiingia pale tu mkwewe anapotoka. Asubuhi moja akaingia Daktari akiwemo ndani. Wote tuliganda. Daktari aliinuka haraka, akaenda dirishani, akawapa mgongo kwa heshima. Bibi hakumtazama kabisa. Alikaa kitandani, akaanza kuongea na binti yake kama vile wako wawili peke yao. "Mwanangu, mumeo amekushikilia kwa sababu anakupenda. Amechoka na wewe umechoka. Mimi niliyekuzaa nimekuruhusu. Na yeye atakuruhusu." Akambusu kipajini, akatoka.

Daktari alibaki dirishani muda mrefu, mabega yanatikisika. Alipogeuka aliniomba maji ya uvuguvugu na kitambaa, akamwosha mkewe uso mwenyewe. Ndipo tukaacha kumsumbua.

Baada ya kustaafu alihamia Iringa, kwenye kiwanja cha upande wa mkewe pale Kihesa, akapanda parachichi. Nilimfuata huko mwaka huu, kwa basi, nina ombi langu moja. Nilimkuta amekonda, anatembea na fimbo, ila sauti ile ile. Nilimwamkia, akaniitikia, akanimenyea ndizi. Nikamweleza habari za mama na kaka yangu. Nikamwomba aje Chimala atukalishe, atusikilize, kisha aseme neno ni lake. Kaka yangu angemsikia yeye. Tungesema daktari amesema, yangeisha.

Akaniuliza, "Mama mwenyewe amesemaje?"

Nikaanza kumweleza kaka anasemaje. Akaniuliza tena, polepole. Tulishaongea jikoni, kwenye simu, kanisani, kwa shangazi. Na mama hatukumuuliza. Kwetu mtoto hamuulizi mzazi wake habari za kufa kwake. Ni kama kumtakia. Tena mama yangu akili yake iko timamu kuliko yangu. Kulisema kwa mdomo wangu mbele ya yule mzee kuliniuma.

Nilidhani atanifokea. Aliiweka ndizi yake chini tu. "Binti, wale niliowasemea walikuwa hawawezi tena kusema. Nilibeba lawama ya ndugu zao, basi. Hilo lako ni jingine. Mama anaweza kusema na nyie mnamsemea." Nikamwambia siwezi kumuuliza, ni mama yangu. Akatazama miche yake. Mwisho akasema atamuuliza yeye, lakini sisi wote tuwepo, na jibu tutabaki nalo sisi.

Akaja kweli. Kaka naye akatoka Rujewa, amenuna, akakaa upande wa mlangoni. Mama alikuwa ameegemea mito, mpira wa oksijeni puani. Daktari wa Usingizi alimwita dada, wakaongea habari za maharage, namna ya kuyapika yasipasuke, wakacheka kidogo mpaka mama akakohoa. Alipotulia, akamuuliza bila kuzunguka.

"Dada yangu, watoto hawa wanagombana juu yako. Mapafu yako yamechoka, na wewe unalijua hilo. Yakikuzidi tena, unataka tukufanyie nini?"

Kaka aliinuka atoke nje. Daktari akamwambia kaa, baba, akakaa. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Nilikuwa na hakika na jibu, kichwani nilikuwa nimeshamsikia mama akisema niacheni hapa, kwa jinsi nilivyojiandaa kumtetea.

Mama alivuta pumzi yake ndogo ndogo. "Nipelekeni," akasema. "Mimi bado napenda kuishi. Huo mpira niwekwe, nijaribu."

Niliinua uso. Kaka alikuwa ananitazama, na hakuonekana kufurahi kwamba ameshinda. Mama akapumzika, akaendelea. "Ila nikilala pale nikawa siwajui, siamki, msinifunge kwenye chuma. Mnirudishe hapa nilale na nyie."

Daktari akamshukuru. Halafu akamuuliza swali ambalo sikulitegemea, la nani atakayesema siku hiyo kwamba sasa inatosha. Akaongeza kwamba yeye atakuwa Iringa, au atakuwa hayupo kabisa, kwa hiyo asimhesabu.

Nilimtazama yule mzee nikimsihi kwa macho. Niliyemwendea mbali ili anitue mzigo, amekaa pale na fimbo yake, hanitazami.

Mama alinionyesha mimi kwa kidevu. "Huyu. Kaka yake ananipenda mno, ataninyima ruhusa." Kisha akanigeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Sema basi, kaka yako asikie."

Nikafikiria kusema tutaona, tutaongea, Mungu ni mwema, yale tunayosema sote. Mama alikuwa anangoja, na kungoja kulikuwa kunammalizia pumzi.

"Siku ikifika nitasema, mama. Nitasema mimi."

Akafumba macho. Kaka aliinuka pale mlangoni, akavuta kigoda chake, akaja kukaa karibu yangu.